Maneno Sita Yampasayo Mkulima Kuyajua



Kila fundi ana maneno ya kazi yake. Seremala ajua randa na patasi. Mhunzi ajua mivukuto na fuawe. Mkulima naye yampasa kuyajua maneno ya ardhi, maana hatari isiyo na jina huingia shambani bila kupiga hodi. Katika karatasi hii twaeleza maneno sita. Yasome taratibu, na ikiwa jirani yako hajui kusoma, msomee.

1. MAZINGIRA. Neno hili latokana na kuzinga, yaani kuzunguka. Mazingira ni vyote vinavyokuzunguka: hewa, maji, udongo, miti, wanyama, wadudu, na watu pia. Vitu hivi havikai kila kimoja peke yake. Ukigusa kimoja, umekwisha kugusa na kingine. Huku Lusewa, zamani sehemu ya Songea na sasa Wilaya ya Namtumbo, mazingira yetu ni nchi ya miyombo. Mvua hunyesha kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, kisha kiangazi hushika. Maji ya mwaka mzima hutujia katika miezi hiyo michache. Ardhi isipoyaweka akiba, hakuna mwingine wa kutuwekea.

2. UDONGO WA JUU. Chimba shimo lenye kina cha mkono mmoja, uutazame ukuta wake. Juu utaona udongo mweusi kidogo. Chini yake ni mwekundu au wa kichanga. Ule wa juu ndio ghala ya mimea, na katika nchi ya miyombo ghala hiyo mara nyingi ni nyembamba. Hujengwa polepole mno: unene wa inchi moja huchukua mamia ya miaka.

3. MBOJI. Majani, mizizi na samadi huoza kwa kazi ya mchwa, minyoo na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikawa mboji. Mboji hulisha mimea, hushika maji, tena huunganisha chembe za udongo. Jaribu mwenyewe. Twaa bonge kavu la udongo kutoka chini ya mti msituni, na bonge jingine kutoka shamba lililochoka. Yatie polepole katika bilauri mbili za maji. Lile lenye mboji hukaa zima kwa kitambo; lile la shamba lililochoka huvunjika upesi, na maji huwa tope. Ndivyo mvua ya kwanza inavyolitenda shamba lako.

4. MZUNGUKO. Chakula cha mimea hutoka ardhini, huingia katika mmea, na mmea ukioza hurudi ardhini. Mahindi hutaka sana chakula kiitwacho naitrojini. Katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni naitrojini, lakini mahindi hayawezi kuila kutoka hewani. Kunde, mbaazi na karanga zina msaada: katika mizizi yake mna vinundu vyenye vijidudu vinavyoikamata naitrojini ya hewa na kuigeuza kuwa chakula. Ng'oa mche wa kunde, ukate kinundu kimoja. Ukiona wekundu ndani, jua kazi yafanyika.

Moto hukata mzunguko huo. Ni kweli kwamba majivu hupunguza uchungu wa udongo na kuufaa mmea mwaka wa kwanza. Lakini naitrojini nyingi iliyokuwa katika majani hupaa pamoja na moshi. Kwa hiyo shamba jipya huzaa vizuri, kisha mavuno hupungua mwaka hata mwaka. Hilo si laana wala uchawi. Chakula cha shamba kimepaa, kimevunwa, au kimechukuliwa na maji.

5. MMOMONYOKO. Huku ndiko kuchukuliwa na maji. Tone la mvua likipiga udongo ulio uchi huzitawanya chembe zake, na maji yateremkayo huzibeba. Mkulima huliona korongo likiwa limekwisha kuchimbika; lakini kabla ya korongo, ngozi nyembamba ya udongo wa juu ilikuwa ikiondoka kila masika. Yaangalie maji yatokayo shambani siku ya mvua kubwa. Yakiwa na rangi ya udongo, ghala yako inahama.

6. MAPUMZIKO. Wazee walifyeka, wakalima miaka michache, kisha wakahama na kuuachia msitu urudi. Ilikuwa hekima, maana nchi ilikuwa pana na watu wachache. Leo mbele ya shoka lako lipo shamba la mwenzio, au ipo njia ya tembo, kwa kuwa nchi ya Namtumbo imo katika ushoroba wa wanyama waendao baina ya Selous na Niassa ya Msumbiji. Mwenye kufyeka huko hupanda mahindi mlangoni pa tembo. Basi kama hatuwezi kuhama, yatupasa kuyaleta mapumziko shambani.

Jirani zetu Wamatengo wa Mbinga wamelima milima mikali kwa vizazi vingi kwa njia ya ngoro. Mwisho wa masika hukata nyasi, huzipanga kwa mistari inayokatana kama nyavu, huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi hizo. Juu ya tuta hupanda maharage, na msimu ufuatao mahindi. Nyasi huoza zikawa mboji; shimo hushika maji ya mvua. Hapo maneno yote sita yamo katika kazi moja.

Shamba lako likiwa na mteremko mdogo, huhitaji ngoro. Fanya haya: usichome mabua, yatandaze, piga matuta ya kukingama mteremko, wala yasishuke nao, baada ya mahindi panda kunde au karanga, na uache miti kandokando ya kijito.

Usianze na shamba zima. Pima robo yake, uilime hivi kwa misimu mitatu, na mavuno yake uyapime kwa debe lile lile upimalo ya sehemu nyingine. Debe litakuambia.