Mgeni Anayelipwa Ili Aje Afungwe

Huku kwetu ratiba ya ligi hupangwa na chama, timu ikapokea tu. Vyuo vikuu vya Marekani, katika ule mpira wao wa kubebwa mikononi, vina utaratibu mwingine. Timu kubwa hucheza mechi 12 kwa msimu. Nane au tisa hupangwa na ligi yake. Zilizobaki chuo hujitafutia chenyewe, aghalabu miaka kadhaa kabla, na anayevunja mkataba hulipa fidia.

Wakubwa kwa wakubwa hutembeleana: zamu hii kwako, nyingine kwangu. Mdogo hatembelewi. Huitwa, vijana wake wakagongwa, chuo kikarudi na hundi ya kuendeshea michezo yake. Biashara hiyo mimi siipendi, lakini wanaihitaji. Mwenyeji naye huvuna viingilio, na ushindi wa chee.

Au hudhani ni wa chee. Septemba 1, 2007, Michigan, waliokuwa wa 5 kwa ubora nchini, waliwaalika Appalachian State kwa dola 400,000. Mbele ya watazamaji zaidi ya laki moja, mgeni alishinda 34-32. Mwaka 2024 Notre Dame waliwalipa Northern Illinois dola milioni 1.4, wakafungwa 16-14. Na hundi ni ya mgeni, ashinde asishinde.