Sikio Kwanza: Bushra Ansari na Lugha Mbili za Runinga ya Pakistan

Lugha ya taifa ya Pakistan ni Kiurdu, lakini wachache ndio walioipata kwa mama. Kwa mujibu wa sensa ya 2023, watu wapatao 9 katika kila 100 wanakitaja Kiurdu kuwa lugha yao ya kwanza. Kipunjabi kinatajwa na wapatao 37. Hata hivyo, tangu Televisheni ya Pakistan, yaani PTV, ilipoanza kurusha matangazo mjini Lahore tarehe 26 Novemba 1964, tamthilia zilizotazamwa nchi nzima zilikuwa za Kiurdu. Lahore ni mji wa Wapunjabi, na kituo chake kilitenga nafasi kwa michezo ya Kipunjabi. Ila ule mchezo wa saa mbili usiku, uliokusanya familia nzima mbele ya runinga, ulisema Kiurdu. Humo Kipunjabi kilipitia mlango wa uani: kilisemwa na mpishi, dereva, askari wa ngazi ya chini, jamaa aliyetoka shamba. Kikisikika tu, mtazamaji alijua zamu ya kucheka imefika.

Hali hiyo haikuzuka tu. Waingereza walipoitwaa Punjab mwaka 1849, waliweka Kiurdu katika mahakama na shule za jimbo hilo, wakakiacha Kipunjabi nyumbani na sokoni. Pakistan ilipozaliwa mwaka 1947, Kiurdu kilipewa jukumu la kuunganisha taifa. Matokeo yake, familia nyingi za Kipunjabi zilizosoma ziliongea Kipunjabi na bibi na Kiurdu na mtoto. Kipunjabi chenyewe si kigeni kwa Afrika Mashariki, maana vibarua na mafundi wengi walioletwa kujenga reli ya Uganda kuanzia mwaka 1896 walitoka Punjab, na baadhi ya wajukuu wao wangali Nairobi, Mombasa na Kampala.

Sura hii inamfuata mwigizaji mmoja, Bushra Ansari. Zipo sababu nyingi za kumchagua: amecheza, ameimba, ameandika, na jina lake linajulikana na vizazi vitatu. Sababu yetu ni moja. Kazi yake ya zaidi ya miaka 40 inapita katika lugha zote mbili, na ukiifuata hatua kwa hatua unaona jinsi lafudhi iliyotumika kuchekesha ilivyokuja kubeba msiba.

Nyumba ya waandishi

Bushra alizaliwa mwaka 1956. Baba yake, Ahmad Bashir, alikuwa mwandishi wa habari mwenye kalamu kali, mtunzi, na mtu aliyejaribu pia sinema: aliongoza filamu ya Neela Parbat mwaka 1969. Shangazi yake, Parveen Atif, naye alikuwa mwandishi. Katika nyumba ya namna hiyo mabinti wanne walikulia kati ya vitabu, mabishano ya siasa na muziki. Neelam alishika kalamu. Sumbul na Asma waliingia katika uigizaji, Sumbul akiwa tayari mtu mzima. Bushra alionekana kwenye runinga angali mtoto, akiimba katika vipindi vya watoto.

Huo uimbaji wa utotoni ukumbukwe, kwa sababu ndio ufunguo wa mengi yanayofuata. Mtu aliyefunzwa muziki husikia vitu ambavyo wengine huvipuuza: mahali mwimbaji anapovuta pumzi, silabi anayoiburuta, sauti inavyopanda kabla ya hasira kuonekana usoni. Waigizaji wengi huanza na uso na mwili. Bushra alianza na sikio.

Mwaka 1978 aliolewa na Iqbal Ansari, mtayarishaji wa PTV, na jina la Ansari likabaki naye hata baada ya ndoa hiyo ya miongo kadhaa kuvunjika. Miaka hiyohiyo kilianza kipindi cha vichekesho vifupi kilichoitwa Fifty Fifty, chini ya Shoaib Mansoor, na Bushra akajiunga na wachekeshaji wake. Kisha zikafuata kazi zilizoandikwa na Anwar Maqsood, kama Silver Jubilee na Show Time, ambako alicheza bega kwa bega na Moin Akhtar, bingwa wa kuiga watu.

Watazamaji walimpenda hasa kwa kuwaiga waimbaji mashuhuri, Noor Jehan akiwa wa mbele. Tulitazame jambo hili kwa karibu. Mwigaji wa kawaida humwiga mwimbaji kwa kuimba vibaya, kwani kuharibu ni rahisi. Bushra alishika nota sawasawa. Kichekesho kilikuwa katika kipimo: nyusi iliyopanda kidogo kupita kiasi, mkono uliochelewa kushuka, pumzi iliyosikika pale ambapo mwimbaji mwenyewe angeificha. Kwa kuwa wimbo ulibaki mzima, mtazamaji alicheka bila kuona kwamba mwimbaji wake kadharauliwa. Kuiga kwa namna hiyo kunataka heshima, na heshima hiyo ndiyo itakayomfaa baadaye atakapowaiga watu wasio na jina.

Kuchekesha chini ya jenerali

Jenerali Zia-ul-Haq alitwaa madaraka tarehe 5 Julai 1977, akatawala hadi kifo chake mwezi Agosti 1988. PTV ilikuwa mali ya serikali, hivyo amri zake ziliingia studio moja kwa moja. Watangazaji wanawake walitakiwa kufunika kichwa. Mmoja wao, Mehtab Channa, alikataa na akaondoka kwenye runinga. Ngoma za jukwaani zilitazamwa kwa jicho baya. Mapenzi ya mume na mke yalibidi yaonyeshwe kwa maneno, mikono ikikaa mbali.

Katika mazingira hayo, mwaka 1984, kituo cha Karachi kilitoa Angan Terha, tamthilia ya vichekesho ya Anwar Maqsood iliyoongozwa na Qaiser Farooq. Bushra, ambaye hakuwa amefikisha miaka 30, alimcheza Jahan Ara, mke wa makamo asiye na mtoto. Shakeel alikuwa Mehboob, mumewe, mstaafu wa serikali mwenye pensheni ndogo na majivuno makubwa. Mtumishi wao, Akbar, alichezwa na Saleem Nasir: mcheza ngoma ya kathak aliyekosa kazi ya sanaa akaishia jikoni. Mtunzi hakuhitaji kumtaja jenerali. Kumweka mchezaji ngoma mbele ya masufuria kulitosha, na kila mtu sebuleni alielewa kwa nini hachezi tena.

Ili uelewe alichofanya Bushra humo, yafaa kujua jinsi PTV ilivyorekodi. Tamthilia ilifanyiwa mazoezi siku kadhaa kama mchezo wa jukwaani, kisha ikarekodiwa studio kwa kamera kadhaa kwa pamoja, vipande virefu bila kukatwa. Mwigizaji alikariri kurasa nzima. Hakukuwa na mhariri wa kuja kurekebisha baadaye kimya kilichochelewa au jibu lililowahi mno, hivyo mwendo wote wa kichekesho ulikuwa mikononi mwa waigizaji. Mehboob na Jahan Ara wanapojibizana kuhusu pesa ya soko au mgeni asiyetakiwa, Kiurdu chao ni cha adabu kutoka mwanzo hadi mwisho. Jahan Ara hapandishi sauti. Anaupokea upuuzi wa mumewe, anatulia kitambo, halafu anamrudishia kwa sentensi fupi iliyonyooka, na kicheko kinatoka katika ule utulivu.

Hapa Bushra anasema Kiurdu cha sebuleni kwa ufasaha usio na doa. Nchi ilimpokea kama sauti ya tabaka la kati la mjini. Mwaka 1989 serikali ilimpa nishani ya fahari ya ufanisi, ambayo ni heshima ya juu kwa wasanii wa Pakistan. Kwa wengi, kazi ingeishia hapo: heshima imepatikana, miaka inakwenda, nafasi za mama mzazi zinaanza kuletwa.

Mama kutoka Faisalabad

Mwaka 2002 sheria mpya ilifungua mlango kwa vituo binafsi na kuunda mamlaka ya kuvisimamia, PEMRA. Geo ilianza mwaka huo, Hum TV ikafuata mwaka 2005. Matangazo ya biashara yakaanza kuamua nini kitengenezwe. Tamthilia, ambazo PTV ilizoea kuzifanya za sehemu 13, yaani moja kila wiki kwa robo mwaka, sasa zilirefuka. Kiini chake kikawa binti anayeonewa ukweni, na waigizaji wa umri wa Bushra wakabakiziwa kazi ya kuonea: mama mkwe.

Mwaka 2009 Geo ilianza kurusha Azar Ki Ayegi Baraat, hadithi ya harusi kati ya familia mbili, iliyozaa mifululizo mingine mitatu hadi 2012. Bushra alikuwa Saima Chaudhry wa Faisalabad, mji wa viwanda vya nguo: mama mwenye fedha mpya, mavazi yanayomeremeta, Kiingereza cha kubahatisha, na Kiurdu kilichopikwa katika sufuria ya Kipunjabi.

Lafudhi hiyo imetengenezwaje? Kipunjabi ni lugha ya toni. Sauti kama bh na gh, ambazo kwa Kiurdu hutamkwa kwa pumzi nzito, Mpunjabi akizikuta mwanzoni mwa neno huipoteza ile pumzi, na mahali pake hushusha sauti. Bhai ya Karachi, midomoni mwa mtu wa Faisalabad, inakaribia pai, ikianza chini kisha kupanda. Mchekeshaji mvivu hubadilisha herufi na kuacha muziki. Saima anao muziki. Sentensi yake ya Kiurdu ina milima na mabonde ya Kipunjabi hata pale ambapo kila neno ni la Kiurdu, na akikasirika anavuka mpaka moja kwa moja.

Wapo walioona kwamba huu ni mzaha uleule wa zamani: Mpunjabi mwenye kelele, asiyejua adabu. Hoja ina uzito wake, kwani vazi na Kiingereza cha Saima vimewekwa ili achekwe. Lakini tazama nani anayeendesha mambo. Zamani Kipunjabi kilisemwa na mtumishi anayesubiri amri. Saima ndiye anayetoa amri. Ana mali, ana maamuzi, na haoni haya kwa anavyosema. Lafudhi imetoka jikoni ikakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Mwaka 2012 Bushra aliipeleka mbali zaidi katika Bilqees Kaur ya Hum TV, ambako alimcheza mwanamke mwenye asili ya Kisingasinga anayeitawala familia yake New York.

Sheedan

Hatua kubwa ilikuja mwaka 2016 katika Udaari, tamthilia ya Hum TV iliyoandikwa na Farhat Ishtiaq, ikaongozwa na Mohammed Ehteshamuddin, na kutengenezwa kwa ushirikiano na Kashf Foundation, taasisi ya mikopo midogo kwa wanawake. Mada yake ilikuwa unyanyasaji wa mtoto kingono unaofanywa na baba wa kambo, jambo lililozungumzwa kwa nadra katika runinga ya huko. PEMRA ilituma barua ya kutaka maelezo. Watazamaji wengi walisimama upande wa tamthilia.

Bushra ni Sheedan, mwimbaji wa harusi kijijini. Katika Punjab, familia zinazoishi kwa kuimba zimewekwa chini kabisa katika ngazi ya heshima: wanaitwa kwenye kila sherehe na hawapewi kiti katika yoyote. Mtunzi angeweza kumfanya Sheedan kikaragosi. Lafudhi ni nzito, mavazi yana rangi, mdomo hauna breki, na katika sehemu za mwanzo anachekesha kwelikweli. Kisha anagundua yaliyompata mtoto wa rafiki yake. Bushra habadilishi sauti. Hahamii Kiurdu safi ili kutuarifu kwamba sasa mambo ni mazito, kama tamthilia nyingi zilivyozoea. Anabaki na lafudhi ileile, maneno yaleyale ya kijijini, anachopunguza ni kasi tu. Mtazamaji aliyekuwa akicheka dakika chache zilizopita anabaki na sikio lilelile, lakini kicheko hakiji.

Mtu aliyemwiga Noor Jehan bila kumharibia wimbo ndiye huyu aliyemcheza mwimbaji wa kijijini bila kumharibia utu. Ujuzi ni mmoja.

Mwezi Aprili 2019, wiki chache baada ya ndege za kivita za India na Pakistan kupambana, Bushra na dada yake Asma Abbas walitoa video fupi iitwayo Humsaye Maa Jaye. Maneno ni ya Neelam, dada yao. Majirani wawili, mmoja wa India na mwingine wa Pakistan, wanaongea kwa mtindo wa rap juu ya ukuta unaowatenga, kwa Kipunjabi, na wanakubaliana kwamba vita ni vya wakubwa. Kiurdu kisingeifaa kazi hiyo. Punjab ndiyo iliyokatwa vipande viwili mwezi Agosti 1947, na Kipunjabi kingali kinasemwa pande zote mbili za mpaka.

Baadaye aliandika Zebaish, iliyoonyeshwa na Hum TV mwaka 2020, akicheza na Asma na binti wa Asma, Zara Noor Abbas. Mwaka 2021 alivishwa nishani ya Sitara-i-Imtiaz. Mwaka uliofuata ilianza Tere Bin ya Geo, ambamo ni Maa Begum, bibi mkubwa wa ukoo wa wenye ardhi, anayesema Kiurdu kizito cha amri. Vijana wengi walimfahamu hapo kwanza, wakashangaa kuelezwa na mama zao kwamba huyu ndiye Jahan Ara.

Tamthilia za saa mbili usiku zingali za Kiurdu, na Kipunjabi kingali mgeni ndani yake, mara nyingi mgeni wa kuchekesha. Kwa hiyo tusiseme kwamba mtu mmoja amebadili desturi. Alichofanya Bushra Ansari ni kuiondolea desturi hiyo kisingizio. Ilidaiwa kwamba mtazamaji hawezi kumlilia mtu mwenye lafudhi ya Faisalabad; aliombwa amlilie, akalia. Waigizaji wa kuubeba uzito huo walikuwapo siku zote, wengine wakisubiri katika nafasi za mpishi na dereva. Kilichokosekana ni mtunzi wa kuwaandikia.