Kupanga Orodha ya Vyuo vya Marekani kwa Mwanafunzi wa Familia Isiyo na Uwezo

Mwanafunzi anayemaliza sekondari nchini Marekani hapangiwi chuo na serikali. Hakuna chombo kama KUCCPS ya Kenya, kinachokusanya chaguo za watahiniwa wa nchi nzima na kuwagawia nafasi kwa alama zao. Kila chuo kina masharti yake, hutoza ada yake ya maombi na hujibu kwa wakati wake. Mfumo wa pamoja wa maombi uitwao Common App umeunganisha vyuo zaidi ya 1,000, na mwanafunzi mmoja anaruhusiwa kuomba humo vyuo visivyozidi 20. Kuchagua ni vipi viingie katika hivyo 20, au katika kumi ambavyo mtu anaweza kuviandikia insha za maana, ni kazi ya mwombaji mwenyewe. Kwa mtoto wa familia yenye kipato kidogo, orodha hiyo huamua mambo mengi kabla hajajaza fomu hata moja.

Ushauri uliozoeleka mashuleni hugawa vyuo katika mafungu matatu: vya ndoto, ambako wengi hukataliwa, vya kulingana na uwezo, ambako alama za mwombaji zinafanana na za waliodahiliwa, na vya uhakika, ambako kukataliwa ni nadra. Mgawanyo huu unafaa, lakini unapima jambo moja tu, nalo ni uwezekano wa kudahiliwa. Familia yenye fedha inaweza kuishia hapo. Familia isiyo nazo inahitaji kipimo cha pili, yaani bei, na kipimo hicho ndicho kinapaswa kutangulia. Chuo kinachompokea mwanafunzi kisha kikamwachia deni asiloweza kulibeba hakistahili kuitwa cha uhakika, hata kama kinadahili kila anayeomba.

Bei yenyewe ina sura mbili. Kuna bei ya kutangazwa, ambayo katika vyuo vingi maarufu vya binafsi imepita dola 80,000 kwa mwaka ukijumlisha ada, malazi na chakula. Kuna pia bei halisi, yaani kinachobaki baada ya kuondoa ruzuku na ufadhili usiorudishwa. Bei hizi mbili zinaweza kuachana mno. Princeton iliondoa mikopo katika msaada wake wa fedha mwaka 2001 na kuweka ruzuku mahali pake. Harvard, kuanzia mwaka wa masomo 2025–26, haidai chochote kwa familia ya kawaida yenye kipato cha dola 100,000 au pungufu. Hata chakula na kitanda vimo. Wakati huohuo, chuo kikuu cha umma cha jimbo jirani, chenye bei ya kutangazwa iliyo nusu ya hiyo, kinaweza kumtoza mwanafunzi yuleyule makumi ya maelfu ya dola, kwa kuwa hutoza zaidi wanaotoka nje ya jimbo na mara nyingi hakiwapi ruzuku ya kutosha. Anayefuta majina kwa kuangalia bei ya kutangazwa anaweza kufuta vyuo vilivyo nafuu kwake kuliko vyote.

Ukubwa wa hasara hiyo ulionekana wazi katika jimbo la Michigan. Mwaka 2015 chuo kikuu kikuu cha jimbo hilo, kikishirikiana na watafiti akiwemo mchumi Susan Dynarski, kilianza jaribio kwa wanafunzi wa shule za umma wenye alama za juu na kipato cha chini. Shule ziligawanywa kwa bahati nasibu. Wanafunzi wa kundi moja walipelekewa bahasha yenye ahadi: ukiomba na kudahiliwa, hutalipa ada kwa miaka minne, na huhitaji kujaza kwanza fomu za kipato. Wazazi na wakuu wa shule nao waliandikiwa. Msaada wenyewe haukuwa mpya, kwani wengi wa wanafunzi hao wangeupata hata bila barua. Hata hivyo, waliopata barua waliomba kwa asilimia 68, na wasiopata kwa asilimia 26. Walioingia chuoni hapo walikuwa asilimia 27 dhidi ya 12. Vipaji vilikuwapo na fedha zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia vijana hao, mapema na bila masharti, kwamba watalipiwa.

Inafaa kutaja pia jaribio lililokwama. College Board, shirika lenye mtihani wa SAT, lilituma vijitabu vya maelezo kwa wanafunzi zaidi ya 700,000 wa kipato cha chini na cha kati, lakini uchaguzi wao wa vyuo haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Maelezo ya jumla kuhusu msaada wa fedha hayamsogezi mtu ambaye nyumbani hakuna anayeweza kubahatisha. Kinachomsogeza ni kiasi kinachomhusu yeye kwa jina. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kupanga orodha ni kutafuta kiasi hicho kwa kila chuo.

Sheria ya mwaka 2008 ililazimisha vyuo vinavyopokea fedha za msaada wa serikali kuu kuweka kikokotoo cha bei halisi katika tovuti zao, na agizo hilo lilianza kutekelezwa mwaka 2011. Familia huingiza kipato, idadi ya watu nyumbani na mali chache, kisha hupata makadirio. Pale ambapo wazazi wametengana, au wana biashara ndogo au shamba, makadirio hayo huwa si ya kutegemewa sana, na ni vyema kuiandikia ofisi ya msaada wa fedha ya chuo husika. Tovuti ya serikali iitwayo College Scorecard nayo huonyesha wastani wa bei halisi kwa makundi ya kipato, la chini kabisa likiwa la familia zenye dola 30,000 au pungufu kwa mwaka. Kwa vyuo vya umma, wastani huo ni wa wanafunzi wa jimbo hilo tu. Wa nje wasiutumie.

Kuna kipimo rahisi cha kuamua kama bei halisi inabebeka. Ruzuku ya Pell, ambayo serikali kuu huwapa wanafunzi wa familia maskini, haizidi dola 7,395 kwa mwaka wa 2025–26. Mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi hauzidi dola 5,500, na kwa miaka minne yote kwa mpango wa kawaida hauzidi 27,000. Baada ya ruzuku zote kuhesabiwa, ikiwa kilichobaki kinazidi kile ambacho familia inaweza kutoa pamoja na mkopo huo na kazi ya saa chache kwa wiki, pengo hilo litazibwa na mkopo wa mzazi au wa benki. Chuo cha namna hiyo kiondolewe kwenye orodha, au kibaki kwa sharti kwamba ufadhili mahususi wa chuo hicho upatikane.

Orodha ijengwe kuanzia chini. Msingi wake ni chuo kimoja au viwili ambavyo kudahiliwa ni karibu hakika na bei yake inalipika hata kama hakuna ufadhili mwingine utakaotokea. Mara nyingi ni chuo cha umma kilicho karibu na nyumbani, ambako mwanafunzi anaweza kulala kwao. Texas, kwa sheria ya mwaka 1997, huwapa wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya darasa lao udahili wa moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma, ingawa kampasi ya Austin imewekewa kiwango kikali zaidi. Tennessee hulipia ada iliyobaki katika vyuo vya jamii, vyenye kozi za miaka miwili, kwa wahitimu wake wa sekondari. Kampasi sita za Chuo Kikuu cha California huwahakikishia nafasi wanafunzi wa vyuo vya jamii vya jimbo hilo wanaotimiza masharti ya kuhamia. Njia ya chuo cha jamii ni ya heshima na imewafikisha wengi, ila ina shimo moja: masomo yasiyotambuliwa na chuo cha pili hupotea, na fedha zake hupotea nayo. Makubaliano ya uhamisho kati ya vyuo hivyo viwili yasomwe kabla ya kujisajili somo la kwanza.

Sehemu ya katikati ndiyo waombaji wengi huiacha tupu, na ndiyo yenye faida kubwa kwao. Ipo idadi nzuri ya vyuo vidogo vya binafsi, visivyotajwa kwenye televisheni, vinavyoahidi kukidhi mahitaji yote ya kifedha ya kila anayedahiliwa. Ahadi hiyo ina maana kubwa, ingawa chuo chenyewe ndicho hupima mahitaji hayo. Kipo pia Chuo cha Berea huko Kentucky, ambacho hakijatoza ada tangu 1892 na ambacho kila mwanafunzi hufanya kazi humo. Mwombaji atofautishe mambo mawili yanayochanganywa sana: chuo kutoangalia uwezo wa kifedha wakati wa kudahili, na chuo kukidhi mahitaji yote. Lipo kundi la vyuo visivyouliza kipato wakati wa kudahili lakini humwacha aliyedahiliwa na pengo kubwa, na hilo humwumiza maskini kuliko kukataliwa.

Juu kabisa huwekwa vyuo vya ndoto, vitatu au vinne. Kuongeza hadi kumi hakuongezi uhakika kama inavyodhaniwa kwa hesabu ya kawaida, kwa sababu vyote husoma faili lileile na huona udhaifu uleule. Hata hivyo, kutoomba hata kimoja ni kosa kubwa zaidi kwa mwenye alama nzuri, kwa kuwa humo ndimo ruzuku zilimo.

Ada ya maombi, ambayo mara nyingi ni dola 50 hadi 90 kwa chuo, isiwe sababu ya kufupisha orodha, kwani wenye kipato cha chini husamehewa ndani ya Common App. Fomu ya serikali ya kuomba msaada, FAFSA, ni bure. Ile ya ziada inayodaiwa na vyuo vingi vya binafsi, CSS Profile, ni bure kwa waombaji wa ndani ya nchi ambao familia zao zina kipato kisichozidi dola 100,000. Kwa familia za Kikongo na Kirundi zilizopewa makazi mapya Marekani, kazi kubwa ni kuwa na hati za kodi mapema, pamoja na kueleza kwa barua yale yasiyo na kisanduku katika fomu, kama vile fedha zinazotumwa kila mwezi kwa ndugu waliobaki katika kambi za wakimbizi.

Maombi ya mapema yenye kufunga, ambayo humlazimu mwombaji kuingia chuo hicho akidahiliwa, humnyima nafasi ya kulinganisha msaada. Yanafaa tu pale ambapo kikokotoo kimeonyesha bei inayolipika na chuo hukidhi mahitaji yote. Msaada usipotosha, mwombaji anaweza kuachiliwa. Mpango wa QuestBridge ni tofauti: mwanafunzi aliyechaguliwa kuwa mshindani wa mwisho hupanga hadi vyuo 15 kwa mfuatano, na anayepata chuo hupewa ufadhili kamili wa miaka minne. Mpango huo huwapokea wanaosoma sekondari nchini Marekani bila kujali uraia.

Mwombaji anayetokea Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura yuko katika hali ngumu zaidi. Hapati Pell wala mikopo ya serikali kuu, na vyuo vingi huhesabu uwezo wake kabla ya kumdahili. Visivyofanya hivyo kwa wageni na bado vikakidhi mahitaji yote ni vichache sana, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na Brown. Orodha yake ichanganye hivyo na vyuo vidogo vyenye ruzuku kubwa kwa wageni, na chuo chake cha uhakika kiwe nyumbani: vyuo vya umma vya nchi yake, vilivyoombwa kwa wakati wake. Nchini Kenya, mpango wa KenSAP umekuwa ukiwaandaa wanafunzi hodari wa familia maskini kwa kazi hii tangu 2004. Anayedahiliwa bado atalazimika kuonyesha, kabla ya viza, kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo.

Barua za msaada huja kufikia masika, na vyuo vingi hutaka jibu ifikapo Mei 1. Baadhi ya barua hizo huorodhesha mikopo pamoja na ruzuku chini ya neno moja la msaada, kwa hiyo kila moja ipunguzwe hadi kwenye ruzuku peke yake kabla ya kulinganishwa. Barua yenye upungufu inaweza kukatiwa rufaa: ofisi ya msaada wa fedha ina mamlaka ya kubadilisha hesabu mzazi akipoteza kazi au akiugua, na barua ya chuo kingine chenye msaada bora inaweza kuambatishwa. Rufaa hiyo ipelekwe mapema, kwa maandishi, na hati za ushahidi zikiwa pamoja nayo.