Mkeka Usiokunjwa

Njooni wanangu, njooni mkae. Leo si zamu ya sungura wala fisi. Leo anayesema ni mkeka.

Mtoto mmoja wa huku Bondeni, Nakuru, aliniuliza: "Mjomba, mbona yule kijana wa ploti yetu ni mkorofi hivyo? Nyanyake anampikia, yeye anapiga sufuria teke. Kwa nini?"

Swali zuri hilo! Watu wengi wakimwona mkorofi humfokea tu, wakapita. Wewe umeuliza kwa nini. Hongera. Mwenye kuuliza kwa nini hufika mbali. Basi tulia, mkeka ukujibu.

"Mimi ni mkeka wa ukindu. Ukoo wangu ni mkubwa. Ndugu zangu walitandikwa katika vijiji vya Waganda, karibu na Kampala, mwaka 1954. Mchana akina mama walikaa juu yao na watoto wao, wakapokea wageni. Siku moja akaja mgeni mwenye daftari. Jina lake Mary Ainsworth, mwanasaikolojia. Mkalimani alikuwa pamoja naye. Alikuwa akirudi kila baada ya wiki mbili, akikaa kama saa mbili, akitazama. Alitazama watoto wachanga 28 wa familia 26."

"Alikuwa akitazama nini, Mkeka?"

"Alikuwa akitazama safari. Mtoto anatambaa, anashuka kwenye mkeka. Anafika mlangoni. Anashika kiatu cha mgeni, anakitia mdomoni. Anageuka: mama yupo? Yupo. Anasonga mbele. Mara kuku anapiga mbawa, paa! Mtoto anarudi mbio kwa mama. Anabebwa, anatulia. Kisha? Anashuka tena, anakwenda mbali kuliko mara ya kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya mkeka wenye mtu juu yake. Humwambia mtoto: Nenda. Rudi. Nipo."

"Kumbe mwenye mama wa kumkimbilia ndiye anayethubutu kwenda mbali?"

Ndiye huyo! Umeona jambo ambalo hata watu wazima hulisahau. Wao hudhani mtoto akibembelezwa ataganda nyumbani. Sivyo. Mwenye pa kurudi ndiye haogopi kutoka.

Mkeka ukaendelea. "Kati ya wale 28, 16 walikuwa na utulivu huo. 7 walilia sana, hata mama akiwa karibu. 5 walikuwa bado hawajamshika mtu hasa."

"Mama zao hawakuwapenda?"

"Usiseme hivyo, mwanangu. Kupenda ni kupenda, lakini mtoto hasomi moyo. Husoma mikono na macho. Mama aliyeweza kueleza vijambo vidogo vya mwanawe, hiki anakitaka, kile kinamtisha, mara nyingi mtoto wake ndiye aliyekuwa mtulivu."

Na mtu wa kukimbiliwa si lazima awe mama. Baba anaweza. Nyanya anaweza, shangazi anaweza, dada mkubwa anaweza. Wataalamu huuita uhusiano huo mfungamano wa mtoto na mlezi.

"Sasa mjomba, mkeka ukikunjwa na kuondolewa?"

Hapo ndipo penye kijana wako. Daktari John Bowlby wa London, aliyefanya kazi na Ainsworth, aliwachunguza watoto 44 walioiba. Akaandika habari zao mwaka 1944. Kati yao, 14 walionekana kama hawamjali mtu yeyote. Katika hao 14, 12 walikuwa wametengwa na mama au mlezi wao kwa muda mrefu wakiwa wadogo. Je, kila aliyetengwa huwa mwizi? Hapana! Wengi hawawi. Lakini Bowlby alitufundisha kuuliza swali lako: kwa nini?

Na huku kwetu Nakuru mikeka imekunjwa mara nyingi. Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, familia zilikimbia makwao na magodoro kichwani, zikalala kwenye mahema pale Show Ground. Siku hizi mama anakwenda Saudia kutafuta riziki. Mwingine anashinda kwenye mashamba ya maua Naivasha. Hawaendi kwa kutopenda. Wanakwenda ili mtoto ale, asome. Lakini mtoto mdogo hajui mambo ya karo. Anajua tu kwamba aliyekuwepo hayupo.

"Kijana wenu namjua," mkeka ukasema. "Amelala kwa shangazi, akahamishwa. Amelala kwa jirani, akahamishwa. Sasa yuko kwa nyanya. Akipiga sufuria teke, anauliza bila maneno: na wewe utanikunjia lini?"

"Nyanya alimjibuje?"

Nyanya hakumwambia, "Nitakurudisha ulikotoka." Neno hilo ndilo analoliogopa, na mtoto anayeogopa huzidi kurusha mateke. Nyanya aliokota sufuria. Ugali ulikuwa umemwagika hadi mlangoni. Akasema, "Sufuria utaiosha na sakafu utaipangusa. Chakula chako nimekuwekea." Umesikia? Kosa ni kosa, na kazi ya kulisahihisha ipo. Lakini mahali pake hapakuguswa. Nenda. Rudi. Nipo.

"Akaacha ukorofi siku hiyo hiyo?"

Wapi! Kesho yake alibamiza mlango. Nyanya akarudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Kijana hapakatwi, wala hapendi kuulizwa mbele za watu. Basi nyanya akawa anachelewa kulala kidogo, akichambua maharagwe. Usiku mmoja kijana akaja, akakaa, akachambua naye. Akasema jambo moja tu kuhusu mama yake. Nyanya akasikiliza, hakukatiza. Ndivyo mtu aliyekunjiwa anavyojifunza upya kuamini: polepole, kwa mtu yule yule, tena na tena. Hata akiwa na miaka 15, hajachelewa.

Ndiyo maana mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitoa mkakati wa miaka 10 wa kuwatoa watoto kwenye makao ya watoto na kuwarudisha katika familia na jamii. Katika makao walezi hupokezana zamu. Mtoto anahitaji mtu wa kudumu. Na nyanya kama huyu anahitaji kusaidiwa: jirani amletee unga, mwalimu aulize habari badala ya kushika kiboko, imamu au mchungaji apite kumjulia hali.

"Na mimi mtoto, mjomba, nifanye nini?"

Wewe unaweza mengi. Kijana akija kucheza mpira, mwite kwa jina lake, si kwa jina la ukorofi. Darasani mwekee nafasi kwenye benchi, leo, na kesho, hata akinuna. Na kama mtu mzima wa nyumbani ndiye anayekuumiza, au anamuumiza rafiki yako, usinyamaze. Mwambie mwalimu unayemwamini, au piga 116. Ni simu ya watoto, haina malipo. Mtu mmoja asipokusikiliza, mwambie wa pili, kisha wa tatu, mpaka apatikane wa kukusikiliza.