Miwani ya Njano Haikuokoi na Bodaboda

"Daktari, nikinunua ile miwani ya njano, nitaacha kukoswakoswa na bodaboda?" Swali hili limenichosha. Waulizaji ni watu wa Kariakoo, na maelezo yao ni yaleyale: "Nilimwona kabisa yuko mbali, sijui alifikaje." Kama ulimwona, macho yako yana kosa gani?

Jicho halipimi kasi. Ubongo ndio unaokisia. Kitu kinachokatiza mbele yako unakigundua upesi kwa kuwa taswira yake inahama. Kinachokujia uso kwa uso hakihami, kinatanuka tu. Pikipiki yenye upana wa sentimita 80, ikiwa umbali wa mita 50, haijazi hata digrii 1 ya upeo wa macho. Ikija kwa kilomita 60 kwa saa, una sekunde 3. Sekunde ya kwanza ikiisha, haijafika digrii moja na nusu. Kutanuka kwa kutisha kunakuja mwishoni, wakati wewe uko katikati ya Mtaa wa Msimbazi na furushi la khanga kichwani.

Mwaka 1983 Josef Zihl na wenzake huko Ujerumani walieleza habari za mwanamke aliyeumia sehemu ya nyuma ya ubongo. Rangi aliziona, herufi alizisoma, ila mwendo ulimpotea: chai aliyoimimina aliiona imeganda, na gari la mbali lilimtokea ghafla. Huyo utamvalisha miwani gani?

Miwani ya njano inachuja mwanga wa bluu, dunia inaonekana imechangamka, mvaaji anaridhika. Kumbe mwanga unaoingia jichoni umepungua, tena usiku, wakati ulikuwa haba tangu mwanzo! Mwaka 2019 watafiti wa Boston waliwajaribu madereva kwenye mtambo wa kuigiza udereva wa usiku, na lenzi hizo hazikuwasaidia kumwona mtembea kwa miguu. Lakini muuzaji wa Mtaa wa Congo anakujaribishia saa saba mchana, jua la utosi, kisha anakuuliza, "Si unaona?"

Haya, cha kufanya. Tazama, hesabu moja, tazama tena. Kama pikipiki imekua, ngoja ipite. Gizani vaa nguo nyeupe. Dereva wa bodaboda, washa taa hata mchana, na badilisha kioo cha helmeti kilichochubuka. Taa zikikutawanyikia machoni usiku, huenda ni mtoto wa jicho: nenda hospitali ya Muhimbili au CCBRT ukapimwe. Ile ya njano, kama umeshainunua, vaa mchana kwa urembo.