Kizuia Sauti cha Bunduki ya Bandia: Bidhaa Ndogo Mbele ya Forodha na Vizuizi vya Masisi na Walikale

Zipo bidhaa ambazo thamani yake sokoni huamuliwa na tafsiri ya sheria kuliko gharama ya kuzitengeneza, na kizuia sauti cha bunduki za eyasofti ni mojawapo, kwa kuwa bomba hilo dogo la alumini au plastiki huhesabiwa kuwa kitu cha kuchezea katika nchi moja na kipuri cha silaha katika nchi nyingine, ilhali katika maeneo ya vita kama Masisi na Walikale, mkoani Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, laweza kumtia hatiani anayelibeba kabla hajaulizwa linafanya kazi gani. Katika wilaya hizo mbili mchezo wenyewe hauna soko la kutajwa. Hata hivyo, mfanyabiashara anayeagiza mizigo mchanganyiko kutoka Asia kupitia Goma, mji mkuu wa mkoa huo, hana budi kujua mpaka wa sheria unapita wapi.

Eyasofti ni mchezo wa kuigiza mapigano ulioanzia katika miaka ya 1970 huko Japani, nchi ambayo raia wake hawapati bunduki kwa urahisi, na wachezaji wake hutumia mifano ya bunduki halisi inayorusha vidonge vya plastiki, kwa kawaida vyenye kipenyo cha milimita 6, kwa nguvu ya springi, hewa iliyobanwa au gesi. Kizuia sauti, ambacho wengi hukiita silensa, hufungwa mdomoni mwa mtutu kwa skrubu. Ndani ya kile cha mchezo mara nyingi hamna kitu ila sponji, na vingine ni vitupu kabisa, kwani kazi yake kubwa ni kuipamba bunduki au kuficha mtutu wa ndani uliorefushwa. Sauti yenyewe hupungua kidogo tu, kwa sababu kelele nyingi za bunduki ya umeme hutoka kwenye gia zake. Kile cha silaha halisi kina vyumba vya chuma vinavyoipooza na kuipunguzia kasi gesi ya baruti. Kwa nje viwili hivyo hufanana mno, na afisa aliyesimama kando ya lori hana namna ya kuona kilichomo.

Sheria ya kimataifa inayogusa jambo hili kwa karibu zaidi ni Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika 2005. Itifaki hiyo, katika kueleza maana ya vipuri, inakitaja kifaa kilichobuniwa au kurekebishwa ili kupunguza sauti ya silaha ya moto, na kukiweka kundi moja na mtutu na komeo la bunduki, jambo linaloshangaza kidogo, kwa kuwa bunduki hupiga vizuri tu bila kizuia sauti. Lakini silaha ya moto, kwa maana ya Itifaki hiyo na ya Itifaki ya Nairobi ya 2004 ambayo Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoitia saini, kimsingi ni ile inayorusha risasi kwa nguvu ya mlipuko au inayoweza kugeuzwa kirahisi ifanye hivyo. Bunduki ya springi haimo. Kwa mantiki hiyo kizuia sauti chake nacho hakimo, ilimradi hakikubuniwa wala kurekebishwa kwa ajili ya silaha halisi.

Kitabu cha ushuru kinasema vingine. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao forodha za nchi karibu zote hutumia, unaziweka bunduki za springi, hewa na gesi katika kifungu cha 9304, ndani ya sura ya silaha, na vipuri pamoja na vifaa vya ziada vya silaha zote za sura hiyo katika kifungu cha 9305. Vitu vya kuchezea vya watoto vimo katika 9503, mbali kabisa. Bomba lile lile, basi, halitambuliwi na Itifaki kuwa kipuri cha silaha ya moto, lakini forodha inaweza kuliingiza katika kifungu kimoja na vipuri vya bunduki za kijeshi, na wakala wa forodha anayeandika "vitu vya kuchezea" kwenye tamko lake hujiweka katika hatari ya kushitakiwa kwa tamko la uongo hata kama nia yake ilikuwa safi.

Nchi nyingine zimejaribu kuliziba pengo hilo kila moja kwa njia yake. Uingereza ilizuia mwaka 2006 uuzaji wa bunduki bandia zinazofanana mno na halisi, ikawaachia nafasi wachezaji wa eyasofti, kisha mwaka 2017 ikaweka kikomo cha jouli 1.3 kwa bunduki zinazopiga mfululizo na 2.5 kwa zinazopiga kidonge kimoja kimoja. Nchini Marekani mahakama ya rufaa iliyoko Boston iliamua mwaka 2010, katika kesi ya kizuia sauti cha bunduki ya upepo, kwamba haitoshi kuonyesha kuwa kifaa kinaweza kufanya kazi kwenye silaha ya moto. Lazima ithibitike kwamba hilo ndilo lililokusudiwa. Sheria ya silaha ya Kenya, iliyorithi lugha ya Waingereza, inakihesabu kifaa cha kupunguza mlio au mwako wa silaha kuwa silaha chenyewe.

Kongo bado inategemea Amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi, iliyoandikwa wakati wa Zaire, mchezo huu ukiwa bado mgeni nje ya Japani. Juu yake umekuja Mkataba wa Kinshasa wa 2010, ulioanza kutumika 2017, ambao jina lake lenyewe linataja sehemu na vipuri vinavyoweza kutumika kuunda, kukarabati na kuunganisha silaha. Halafu kuna vikwazo vya Baraza la Usalama, vilivyowekwa kwa Azimio 1493 la Julai 2003 dhidi ya makundi yenye silaha ya Kivu na Ituri, vikalegezwa kwa serikali mwaka 2008, na sharti la kutoa taarifa mapema likaondolewa Desemba 2022. Kwa makundi yasiyo ya serikali vikwazo vimebaki, navyo vinahusu silaha pamoja na vifaa vyovyote vinavyohusiana nazo. Maneno hayo ni mapana kuliko ya Itifaki, na yeyote anayepeleka kizuia sauti mahali kinapoweza kuishia mikononi mwa kundi hatasaidiwa na sponji iliyomo ndani.

Mahali penyewe ndipo hesabu ya biashara inapoharibika. Kundi la waasi la M23 liliichukua Bunagana Juni 2022, Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi na Goma Januari 2025, na likaushika mji wa Walikale Machi 2025 kabla ya kuondoka wiki chache baadaye. Katika maeneo mengine wamo Wazalendo, yaani makundi ya wenyeji yanayopigana upande wa serikali. Mwagizaji anayelipia mzigo wake Goma humlipa mtawala asiyetambuliwa na Kinshasa, na kibali kinachotolewa upande mmoja kinaweza kuwa kosa upande wa pili. Hata kabla ya hayo, utafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji uliotolewa 2017 ulihesabu vizuizi vya barabarani karibu 800 katika Kivu zote mbili. Kila kizuizi ni mahali ambapo mzigo unaweza kufunguliwa na mtu mwenye bunduki halisi, ambaye hasomi vifungu vya ushuru bali hutazama umbo.

Mahitaji halali yangeweza kutoka wapi? Kampuni binafsi za ulinzi, ambazo nchini Kongo haziruhusiwi kubeba silaha za moto na ambazo wateja wake wanaotaka bunduki langoni hulazimika kuwalipia polisi, zingeweza kushawishika kutumia za bandia, lakini mlinzi anayeonyesha bunduki isiyopiga mbele ya mtu mwenye inayopiga amejiponza mwenyewe. Wawindaji wa misitu ya Walikale wanahitaji risasi na kibali, si mapambo. Nayo makundi yenye silaha hayana haja ya mifano, kwa kuwa wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kwa miaka mingi kwamba maghala ya jeshi lenyewe ni miongoni mwa vyanzo vya bunduki na risasi zao.

Kwa wakala wa forodha, njia yenye hasara ndogo ni kuwaomba wauzaji wa Asia wakitoe kifaa hicho kwenye kontena kabla halijafungwa. Akiona lazima kiletwe, basi akitangaze waziwazi chini ya 9305, aambatanishe karatasi ya mtengenezaji inayoeleza muundo wake wa ndani, na asikipitishe magharibi ya Sake, mji ulio kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Masisi.