England: Kwa nini unaweza kukimbia katikati ya shamba la mtu

Ukifanya jogging vijijini England, usishangae njia kukupitisha katikati ya shamba la ngano. Hapana, hujavamia. Hiyo ni njia ya umma, na sheria inakulinda.

England na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia kama hizo. Utazijuaje? Angalia mshale kwenye nguzo au geti. Wa njano: ni ya waendao kwa miguu tu. Wa bluu: hata farasi na baiskeli ruksa.

Mkulima akilima juu ya njia inayokatiza shamba ili apande, ana siku 14 kuirudisha, upana usiopungua mita 1.

Lakini haki yako iko kwenye njia tu. Ukichepuka kufupisha safari, umeingia kwenye ardhi ya watu.

Ila ukikuta ng'ombe wenye ndama, usalama kwanza: acha kukimbia, zunguka kwa mbali, kisha rudi njiani. Una mbwa na ng'ombe wanawafukuza? Achia kamba yake, ujiokoe.

Na geti? Liache kama ulivyolikuta.